Treni Zangu na Mtu wa Kizibao

Mtu akiniuliza naangalia nini kwenye simu huku nashona, namjibu kwamba naangalia treni. Ananitazama, anasubiri nicheke. Sicheki. Basi anauliza, treni za kwenda wapi? Sijui. Zimebeba nini? Makaa ya mawe, mbao, makontena, nafaka, nyingine sijui. Una ndugu yako ndani? Sina, ni treni za mizigo. Hapo mteja anakipapasa kitenge chake, nami najua anafikiria kukihamishia kwa fundi mwingine mwenye akili timamu. Akihamishe tu. Mafundi wamejaa Bariadi hii, na nusu yao hawajui kukata shingo ya gauni.

Mimi ni mtu wa Malampaka, nilizaliwa jirani na stesheni. Baba alitoka Tabora kuja kufanya kazi ya reli, akamwoa mama, Msukuma wa palepale, na sisi watoto tukakua tukisikia mabehewa ya pamba yakigongana wakati wa kuunganishwa. Kisha nikaolewa huku. Bariadi tuna mkoa, tuna maofisi, tuna bodaboda za kumziba mtu masikio, ila reli hatuna. Wenzangu wakiolewa mbali huwalilia mama zao. Mimi, Mungu anisamehe, nililia ule mgongano wa mabehewa.

Kamera nilizikuta mtandaoni nikitafuta mishono mipya. Kumbe kuna watu huko nchi za mbali wamefunga kamera kwenye nguzo na kwenye mapaa ya nyumba zao, zinaitazama reli mchana na usiku, na yeyote mwenye bando anaruhusiwa kuchungulia. Hakuna mtangazaji, hakuna muziki. Unaona reli tupu, unashona, unaona reli tupu, halafu taa inabadilika rangi na treni inaingia, ndefu kiasi kwamba naweza kumaliza mkono mzima wa shati kabla mkia haujapita. Vitu vingine vyote vya kwenye simu vinanichefua. Wahubiri wanaofoka, wasichana wanaopakana poda, vijana wanaowatisha mama zao ili watu wacheke. Treni haitaki nicheke wala niseme amina.

Nilikuwa na kamera niliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa yadi ya mabehewa katika nchi ya baridi, ina tangi la maji la bluu na banda la njano, na saa kumi jioni yetu kule ndiyo kunakucha. Wafanyakazi walitoka bandani wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa vinavyong'aa, wakapita kati ya mabehewa wakiyakagua. Sura zao huzioni, wako mbali mno na wamejifunika kofia. Mmoja wao alitembea ameegemea kushoto. Sikuwahi kumfikiria sana. Nilimjua kama unavyomjua mtu mnayepishana naye njiani kila siku bila kusalimiana.

Sasa, katika miaka yote hiyo mteja mmoja tu ndiye aliyeniuliza maswali ya maana. Alikuja kushonesha kaunda suti. Viatu vimeng'arishwa, manukato ya kistaarabu, salamu zake zimetulia. Nilidhani ni ofisa wa mkoani. Alikaa kwenye benchi langu akaitazama ile yadi nami nikiwa napima bitana, akauliza: hii ni sasa hivi au ilirekodiwa? Ni sasa hivi, nikamwambia, ona jua lao. Hao watu wanajua kwamba tunawaona? Hawajui, au hawajali. Na ukitaka iwe kubwa, inakubali kwenye televisheni? Inakubali, nikamwambia, na nikamwelekeza inavyounganishwa. Akaomba jina la ile kamera, nikamtafutia mwenyewe kwenye simu yake.

Nilifurahi, ndiyo ukweli wenyewe. Nilifurahi kupata mtu wa kuongea naye treni. Katika kaunda suti ile nilimtilia mfuko wa ndani ambao hakuuomba, kwa wema tu. Kila nikiukumbuka mfuko ule natamani ningeufumua.

Mume wangu ni wa Sapiwi. Alisilimu aliponioa, ila kwao wamebaki na mambo yao ya zamani, na hatujawahi kugombana kwa hilo. Dada yake mkubwa, wifi yangu, ni mjane, na Mungu alimjalia mtoto mmoja tu wa kiume. Kijana huyo alikuwa anakuja mjini msimu wa pamba kubeba marobota kiwandani. Jioni alikula kwangu. Nguo zake nilimshonea mimi, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kwa sababu ya kazi ile, hivyo kila shati lake nililipunguza upande mmoja ili likae sawa. Alikuwa mkimya, anacheka kwa pua.

Akafa. Alilala na kichwa kinamuuma, asubuhi hakuweza kusimama, wakampakia kumpeleka hospitali na hakufika. Mume wangu aliushika mwili ule kwa mikono yake, akauingiza kaburini yeye na binamu zake. Tulilia, tukapika, tukalala chini, watu wakatawanyika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi tulirudi kwenye shughuli zetu. Wifi yangu alibaki amekaa mlangoni, pamba yake ikaliwa na wadudu shambani na yeye anaitazama tu.

Kwa hiyo siku aliyokuja kibandani kwangu anatabasamu, nilimshukuru Mungu. Amevaa vizuri, amejipaka mafuta. Alitoa kwenye mfuko kitambaa kizito cha blanketi, akakiweka juu ya cherehani, akasema nimshonee koti la mwanamume, lenye bitana mbili, kola ya kufunika shingo.

Nikamuuliza vipimo viko wapi.

"Si unavyo," akasema. "Mpwa wako. Kule aliko kuna baridi, wifi, mvuke unamtoka mdomoni."

Niliketi. Akanieleza kwa furaha, ananishika goti. Kuna mganga mpya pembezoni mwa mji, si wa mapembe na manyoya, ni msomi, ana televisheni kubwa ukutani. Amemwonyesha mwanawe. Hakufa. Tulichozika ni mgomba. Wachawi walimchukua, sasa ni msukule, hana kumbukumbu, wanamtumikisha kupakia mizigo kwenye mabehewa kwa sababu walijua ni hodari wa kubeba. Yuko sehemu yenye tangi la bluu na banda la njano. Amevaa kizibao cha chungwa. Na bega, wifi, bega lake la kushoto.

Imani ya msukule si ya Sapiwi peke yake, wala simcheki mtu kwa hilo; mimi mwenyewe usiku sipiti makaburini. Mtu akifa ghafla, kwetu hakuna anayeamini kwamba amekufa tu. Lakini nilipomsikia anataja tangi la bluu nilijua ni yadi gani. Nilimwona yule bwana amekaa kwenye benchi langu, miguu ameikunja, anauliza kwa sauti laini kama hao watu wanajua kwamba tunawaona. Mwizi. Mwanaharamu wa kutupwa. Nilimfundisha mimi, kwa mdomo wangu.

Nilimuuliza wifi amempa nini mpaka sasa. Akaanza kunihesabia kwa majina na rangi, maana ng'ombe wa mjane si wengi na kila mmoja unamjua: yule mwekundu, yule wa paji jeupe, na ndama wake. Amebaki yule mweusi wa maziwa. Huyo ndiye wa kumalizia. Akimtoa, mganga atakata kamba waliyomfungia wachawi na mtoto atarudi nyumbani kwa miguu yake. Siku ya mnada angempeleka.

Sikumkatalia pale. Nilimwambia kesho yake anipeleke na mimi nikamwone. Akafurahi mno.

Tulikwenda. Nilijitanda ushungi mpaka puani ili yule bwana asinitambue. Sebuleni kwake wanawake walikuwa wamekaa mkekani, kila mmoja na marehemu wake moyoni, wengine wamekumbatia kuku. Kulikuwa na harufu ya ubani, jasho na kinyesi cha kuku, na juu ya yote yale manukato yake ya kistaarabu. Televisheni ilifunikwa kaniki. Alipoifunua, nikaiona yadi yangu. Tangi, banda, theluji pembeni mwa reli. Chini ya kioo, pale yanapopita maandishi ya jina la mji na saa zao, alikuwa amebandika ukanda wa kaniki kwa gundi.

Amevaa kaunda suti niliyomshonea mimi.

Akawaonya wasiite majina, akisema msukule akiitwa na asipokubaliwa kuondoka hupigwa. Basi wale akina mama walikaa wameziba midomo kwa viganja. Wafanyakazi wakaanza kutoka bandani, na yeye kwa fimbo yake anaonyesha: mama fulani, wako yule wa kwanza, mama, wako yule anayeinama. Anagawa watu wa watu. Anawagawa kama mtu anayegawa nyama ya mnada, huyu kipande chako, huyu chako. Yule mwenye kuegemea kushoto alipotokea, akamnyooshea fimbo wifi yangu bila kusema neno. Akajua hakuna haja ya kusema.

Wifi alipiga magoti, akasogea mpaka karibu na kioo.

"Mwadila, baba," akamsalimia, kwa ile sauti ya mama anayemwita mwanawe wa kiume baba.

Mimi sikuwa na subira zaidi. Nilisimama, nikaubandua ukanda ule, nikawaambia wote: someni, hilo ni jina la mji, hizo ni saa zao, hii ni kamera ya reli inayotazamwa na dunia nzima, mimi ninayo kwenye simu, na huyu mtu nilimfundisha mimi kuifungua. Nikauvua ushungi anione. Nilidhani atakimbia, au walau ataona haya. Hakutikisika. Alinitazama kwa huruma, wallahi, kwa huruma, akawageukia wale wanawake.

"Fundi anasema kweli," akasema. "Ni nchi za nje. Wachawi wa siku hizi hawawafichi tena mashambani, wanawauza huko."

Wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja akaniambia nikae chini, namzibia. Nilitoka nje nikatapika ukutani mwa nyumba yake, na sijutii, ningekuwa na zaidi ningetapika zaidi.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akasema yule bwana alimwonyesha kibali cha miti shamba na hajasikia malalamiko. Nikamwambia mimi ndiye nalalamika. Akaniuliza, umetibiwa naye? Nikasonya, nikaondoka. Mume wangu, ambaye ni mpole mpaka anakera, aliposikia habari alisema yeye alimshika kijana yule akiwa wa baridi, na hawezi kumwambia dada yake jambo hilo kwa mara ya pili. Ikabaki juu yangu.

Siku moja kabla ya mnada nilifunga kibanda nikaenda Sapiwi. Nilikichukua na kile kitambaa cha blanketi nimrudishie. Nilimkuta anamsugua yule ng'ombe mweusi, amempa pumba, anamwandaa kwa safari. Tukakaa kivulini mwa nyumba, tukala michembe, vile viazi vya kukausha, nikangoja saa kumi ifike. Kisha nikatoa simu nikaifungua ile kamera mbele yake, nikiwa nimekaa kitako tu, sina fimbo wala ubani.

Nilimweleza yote taratibu, kwa Kisukuma changu cha Malampaka. Nilimwonyesha kamera nyingine, ya mji mwingine, yenye daraja. Na nyingine, ya bandarini. Na zote zina watu wa vizibao. Nikamwambia hawa ni wafanyakazi, jioni wanarudi makwao, wana watoto. Nikamwambia la mwisho, ambalo nililiona ndilo litakalomaliza mjadala: huyu mwenye kuegemea kushoto nilikuwa namwona zamani, wifi, namwona yuko huko wakati mwanao yuko kwangu anakula ugali. Nilikuwa na mwanao mezani na huyu yuko kwenye simu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mtu wa kizibao akatoka bandani, akapita kando ya mabehewa, akapotea. Wifi alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo hata wewe unamwona," akasema. "Na ni bure."

Akainuka, akamfungua ng'ombe kamba aliyomvisha ya safari, akamrudisha zizini. Kwa mganga hakwenda tena. Nilirudi mjini sijui nishangilie au nijipige kofi. Mume wangu aliniambia nimefanya kazi kubwa, ng'ombe amepona. Akampelekea dada yake simu yake ya zamani, ila kule Sapiwi mtandao ulikuwa wa kubahatisha, picha inaganda, na wifi akaona afadhali aje kwangu.

Akawa anakuja. Siku za gulio, kisha hata zisizo za gulio. Anaketi kwenye benchi, jioni yote, mikono mapajani. Nilichoka naye, naomba niseme hivyo. Treni zangu zilikwisha. Treni ndefu za makaa zilikuwa zinapita na yeye anaona zinamzibia. Ananiambia, hii nayo inamaliza kupita lini. Mimi niliyekuwa natazama mabehewa nilijikuta natazama banda la njano, nami nangoja mlango ufunguke, na akitokea yule mtu napumua. Wateja wakawa wanauliza yule mama anangoja nini. Nilikuwa najibu kwa ukali mpaka wakaacha kuuliza.

Wifi akawa anasema mambo. Leo amevaa glavu. Leo anakohoa, mwone anavyoinama. Amenenepa kidogo, wanampa chakula. Mara ya kwanza nilimkemea, nikamwambia, wifi, tumeshaongea. Akaitikia kwa utaratibu kwamba ndiyo, tumeshaongea, na macho hayakutoka kwenye simu. Mara ya pili nikaendelea kushona.

Halafu yule mtu akaacha kutokea. Wenzake walitoka bandani, wakakagua, wakarudi, yeye hayumo. Kesho yake hayumo. Wifi aliacha kula. Alikuwa analala kwetu sasa, asikose hata jioni moja, na sahani yake nairudisha jikoni kama nilivyoipakua. Nilijisemea ataizoea hali hiyo, na hatimaye ukweli utajipenyeza wenyewe. Lakini yule ibilisi wa kaunda suti ana masikio marefu. Sijui alijuaje kwamba mtu katoweka. Bila shaka naye kwenye televisheni yake alimkosa wa kumnyooshea fimbo. Akampigia wifi simu. Akamwambia kijana amehamishwa, amepelekwa machimboni chini ya ardhi, na huko hawadumu. Bado kuna muda, alete yule mweusi.

Nilimkuta wifi amefunga mzigo wake, anatafuta viatu. Anakwenda Sapiwi kumfungua ng'ombe. Hakuwa analia, alikuwa na haraka tu, kamba ya kiatu anaikosea kila akiifunga. Nilimwona mwanamke mtu mzima ambaye kesho yake angebaki na zizi tupu na maziwa ya kuomba kwa majirani, kwa ajili ya lile jitu. Nilikuwa na ukweli mmoja tu mdomoni, na ukweli ule nilishampa, akautafuna, ukageuka chakula kingine.

"Hajahamishwa," nikamwambia. "Yuko likizo. Huko huwapa likizo, wanapokezana zamu. Atarudi."

Aliacha kamba ya kiatu. Akaniuliza, una hakika? Nikamwambia mimi nazitazama yadi hizi miaka, zamu zao nazijua. Nilisema bila kumeza mate. Akakaa chini, akaomba uji, akaunywa wote, akaomba tena. Na mimi nilikwenda uani nikasukutua mdomo kwa maji kama mtu aliyekula kitu kilichooza. Nilimchukia yule mganga zaidi ya nilivyowahi, maana alinifikisha mahali pa kusema maneno yake kwa sauti yangu, na yakanitoka vizuri kuliko yalivyomtoka yeye.

Ng'ombe alibaki. Wifi alirudi Sapiwi kupalilia, na nyumbani kwangu nikapata nafasi ya kupumua. Nilijiambia uongo ule ni wa siku moja tu.

Juma lililofuata alikuja tena, na hakuja peke yake. Aliongozana na mama mmoja wa kijijini kwao, mwembamba, amefunga khanga kifuani, miguu ina vumbi la njia nzima. Wifi alimkaribisha kwenye benchi langu kama mwenyeji. Akamwambia, huyu ndiye wifi yangu, huyu hachukui kuku wala mbuzi, anazijua zamu zao zote. Yule mama akanisalimia kwa kuinama, akafungua fundo la khanga, akatoa picha ya pasipoti, imechakaa pembeni. Binti. Alifariki kwenye uzazi, yeye na kichanga.

"Alikuwa mfupi," yule mama akasema, "lakini ana nguvu. Wanawake huko wanawapa kazi gani?"

Simu ilikuwa imeegemea cherehani, treni ya mbao inapita. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali na sikuikanyaga. Nilimtazama yule mama, alivyoishika ile picha kwa ncha za vidole asiichafue, na nikaona ameshajiandaa kuamini lolote nitakalomwambia. Ningesema wanafua, angeshukuru. Ningesema wako jikoni, angeshukuru. Karaha niliyoisikia nyumbani kwa mganga ilinipanda tena, ila sasa haikuwa na pa kutokea.

Nikamwambia, mama, binti yako amefariki. Hawa unaowaona ni watu wengine, wana mama zao, wanafanya kazi yao na kurudi nyumbani. Hayupo huku. Pole sana, mama yangu. Hayupo.

Yule mama aliirudisha picha kwenye khanga, akaifunga fundo, akakaza. Wifi ndiye aliyegeuka. Alinitazama mimi, si simu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba anitazame hivyo.

"Na wangu?" akauliza.

Niliifunika simu juu ya meza.

"Na wako, wifi."

Alikaa. Nje bodaboda walikuwa wanagombea abiria, mmoja anatukana. Wifi akamsaidia mwenzake kuinuka, na akiwa mlangoni akaniuliza gari la mwisho la Sapiwi linaondoka saa ngapi, awahi kumkamua yule mweusi.